Uzamili kwa mwalimu wa sayansi na hisabati aliyeko Lindi au Mtwara: somo lenyewe, ufundishaji wake, au utawala?

Mwalimu wa fizikia wa Nachingwea au wa hisabati wa Tandahimba akianza kuwaza shahada ya uzamili, huuliza kwanza chuo. "Nisome Chuo Kikuu Huria au niende Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam?" Swali halina ubaya, ila limeruka foleni. Kabla ya chuo kuna aina ya shahada, na kwa mwalimu wa masomo yetu aina zipo tatu. Ipo ya somo lenyewe, yaani M.Sc. ya hisabati, kemia, fizikia au biolojia. Ipo ya kufundisha somo hilo, yaani M.Ed. ya elimu ya sayansi au ya hisabati. Na ipo ya kuendesha elimu: utawala, mipango na sera.

Hii ya tatu ndiyo walimu wengi wa huku kusini wanaishia kuisoma, wakiwemo ambao hawajawahi kutamani hata siku moja kuwa wakuu wa shule. Wanaisoma kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, inasomeka ukiwa kazini, na mwenzao wa chumba cha jirani ameshaimaliza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usome ukijua ninakoegemea: ukikusudia kubaki na chaki, aina ya pili inakufaa kuliko hizo nyingine mbili, na ndiyo inayochaguliwa kidogo kuliko zote. Lakini kila moja ina mtu wake.

Somo lenyewe

M.Sc. haijali unafundisha nani. Ukisoma ya hisabati utakutana na aljebra ya juu, kalkulasi iliyokwenda mbali na ile uliyoizoea, na modeli za kihisabati za magonjwa, maji au fedha. Ukisoma ya kemia utakaa maabara miezi, na huko hakuna kidato cha pili wala andalio la somo.

Anayefaidika waziwazi ni mwalimu wa kidato cha tano na sita. Tunajuana: wapo wanaofundisha PCM (fizikia, kemia na hisabati) ambao wakifika kwenye namba changamano au probabiliti huwaachia vijana "wakajisomee". Mtu wa namna hiyo akisoma M.Sc. ya hisabati anarudi bila woga, na mwalimu asiyeogopa mada huongeza maswali darasani badala ya kuyakwepa. Kwa mwalimu wa kidato cha kwanza hadi cha nne faida ni ndogo zaidi. Si kwamba elimu huwa nyingi mno kwa mtu, ila tatizo linalomkabili kila asubuhi halikuwa upungufu wa kalkulasi.

Mahali pa kuisomea papo kadhaa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, Arusha, ambayo ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na haifundishi shahada ya kwanza kabisa. Pale Tengeru kila kitu kinazunguka utafiti: maji, vifaa vya kihandisi, kilimo, kompyuta na hisabati tumizi. Mwalimu wa biolojia au kemia wa Mtwara anayetaka kuhamia kwenye utafiti ana sababu ya kupaangalia, hasa ukikumbuka kwamba Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndipo kilipo kituo cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kinachoshughulikia korosho. Utafiti wa magonjwa ya mkorosho au wa udongo wa uwanda wa Makonde una wasikilizaji karibu na nyumbani.

Kwa mtu wa hisabati mwenye alama nzuri kuna pia AIMS, mtandao wa vituo vya hisabati vya Afrika ulioanza Afrika Kusini mwaka 2003. Tuliwahi kuwa nacho kimoja Bagamoyo kuanzia mwaka 2014. Sasa kilicho karibu nasi kiko Kigali. Programu yake ni ya miezi 10, unakaa hapo hapo, kozi zinakwenda kwa vipande vya wiki tatu tatu, na wanaochaguliwa hulipiwa gharama. Ushindani wake ni wa bara zima.

Sasa jambo ambalo watu hawaliangalii mpaka wamemaliza. Wengi wanaokwenda M.Sc. wana ndoto ya kuhama sekondari wakafundishe chuo kikuu. Soma matangazo ya ajira ya vyuo vikuu vya umma: kwa mhadhiri msaidizi yamekuwa yakitaka GPA (wastani wa alama) ya 4.0 kwenye uzamili na 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Hiyo ya pili ndiyo inayoua ndoto. Kama ulimaliza shahada ya kwanza na 3.2, hata ukivuna 4.7 kwenye M.Sc., ile 3.2 haifutiki. Nimeona watu wazima, wenye watoto wa kusomesha, wametumia miaka miwili na mkopo wa benki kuufuata mlango uliokuwa umeshafungwa siku walipofanya mtihani wao wa mwisho wa shahada ya kwanza. Vyuo vya ualimu ni habari nyingine. Mkufunzi wa Mtwara au Nachingwea hapimwi kwa kigezo hicho cha vyuo vikuu, na pale shahada ya kufundisha somo inaeleweka vizuri kuliko M.Sc.

Kufundisha somo

Mwaka 1986 mwanaelimu wa Marekani, Lee Shulman, alisema jambo ambalo kila mwalimu mzoefu alikuwa analijua bila kulipa jina: kujua fizikia ni ujuzi mmoja, kujua kufundisha kwa jumla ni wa pili, na katikati yake upo wa tatu, yaani kujua namna fizikia hasa inavyoingia, au inavyokataa kuingia, kichwani mwa anayejifunza. M.Sc. inakuza wa kwanza. Shahada za utawala hazigusi hata mmoja. M.Ed. ya elimu ya sayansi au hisabati imejengwa juu ya huo wa tatu.

Mfano wa darasani. Mwanafunzi anajumlisha nusu na theluthi, anaandika mbili ya tano. Unaweka alama nyekundu ya kosa, unaandika jibu sahihi, kesho anaandika tena mbili ya tano. Kwake yeye hajakosea: ameona namba nne, amejumlisha za juu na za juu, za chini na za chini, kama alivyojumlisha kila kitu tangu darasa la kwanza. Au mtoto wa kidato cha pili anayeamini kwamba umeme ukipita kwenye balbu ya kwanza unapungua, hivyo balbu ya pili inapata masazo. Unaweza kumpa kanuni na akaifaulu kwenye mtihani huku imani yake ikiwa palepale. Kuna utafiti mwingi duniani juu ya makosa ya namna hii, yanatokea wapi na yanang'oka vipi, na ni mwalimu mmoja mmoja tu wa kwetu aliyewahi kuusoma. Huo ndio mzigo wa shahada ya aina hii, pamoja na upimaji, mitaala, matumizi ya maabara na mbinu za utafiti.

Utaisomea wapi? Mlimani, Shule Kuu ya Elimu inayo M.Ed. ya elimu ya sayansi. Aga Khan wana taasisi yao ya maendeleo ya elimu Dar es Salaam tangu mwaka 2006, yenye M.Ed. ya miaka miwili iliyoelemea sana kwenye mwalimu na darasa lake. Na kuna mahali ambapo walimu wa Kusini hawapataji sana: Rukara, wilaya ya Kayonza, mashariki mwa Rwanda. Pale Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha kufundisha hisabati na sayansi, kilichoanza mwaka 2017 chini ya mradi wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri vya Afrika Mashariki na Kusini. Kinatoa uzamili na uzamivu wa elimu ya hisabati, fizikia, kemia na biolojia, kila somo kwa jina lake. Kwa masomo yetu sijui mahali pengine ukanda huu palipojengwa kwa makusudi hayo tu. Ufadhili wake umekuwa ukija kwa awamu, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika wala usitegemee simulizi la aliyekwenda mwaka juzi. Kayonza iko kwenye barabara itokayo mpaka wa Rusumo kwenda Kigali, na shahada ya nje inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ili itambuliwe. Fanya hilo mapema. Usingoje siku ya usaili.

Uzuri mkubwa wa aina hii ya shahada, kwangu, ni tasnifu. Unaweza kuifanya kwenye shule yako, na mikoa yetu imejaa mada ambazo hakuna mtu wa Dar es Salaam atakayekuja kuziandika. Kemia ya kidato cha nne ina haidrokaboni. Gesi ya Mnazi Bay imekuwa ikizalisha umeme wa Mtwara tangu miaka ya 2000, na ya Songo Songo, huko Kilwa, inakwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004, lakini mwanafunzi wa Msimbati anakariri methani kama kitu cha kwenye kitabu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza vidole vya kila mbanguaji kwa sababu ya asidi ya anakadi iliyomo: hapo una asidi, una fenoli, una usalama kazini, na kila mtoto darasani ana shangazi mwenye vidole hivyo. Mashamba ya chumvi ya pwani ni somo zima la utenganishaji wa michanganyiko. Biolojia inayo Tendaguru, Lindi vijijini, walikochimba Wajerumani mifupa ya mijusi wakubwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na mmoja wao umesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin mpaka leo. Je, mwanafunzi anaelewa zaidi mada ikianzia kwenye kitu cha kwao? Wapi inasaidia, wapi inampoteza? Maswali hayo yanapimika, kwa madarasa mawili na mitihani miwili.

Kuna pia suala la maabara. Mwaka 2014 kila kata ilihimizwa ijenge maabara tatu za shule yake ya sekondari, na wananchi wakachangishwa. Majengo mengi yapo. Kinachofanyika ndani ya majengo hayo kati ya Januari na mitihani ya vitendo ya kidato cha nne ni swali la tasnifu kumi, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, umeliongezea uzito kwa kusisitiza umahiri badala ya kukariri.

Kasoro zake nazisema pia. Kwanza, iko mbali: Dar es Salaam ni safari ya siku nzima kwa basi kutoka Mtwara, Rukara ni ya siku kadhaa. Pili, ofisi ya utumishi ya halmashauri si rahisi ikaelewa thamani yake. Utakuta afisa anauliza, kwa nia njema tu, "Sasa hii itakufanya uwe nani?" Jibu la kweli ni kwamba itakufanya uwe mwalimu yuleyule, ila bora zaidi, na fomu haina kisanduku cha jibu hilo. Wala usitegemee mshahara uruke siku unapowasilisha cheti. Daraja la mwalimu lina taratibu zake za muda, tathmini na bajeti. Ongea na afisa utumishi kuhusu muundo wa utumishi wa kada yako kabla hujalipa hata ada ya maombi.

Utawala na mipango

Hapa bingwa wa kusini ni Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, alikuwa mtu wa hisabati. Huria ina vituo vya mkoa Mtwara na Lindi, na M.Ed. yake ya utawala, mipango na sera imewabeba walimu wengi wa mikoa hii miwili bila kuwatoa kwenye vituo vyao.

Kwa aliyekwisha kuwa mkuu wa shule, makamu, afisa elimu kata au mthibiti ubora, sioni ubishi: asome. Kazi yake ni bajeti, watu, takwimu, migogoro na nyaraka, na shahada hiyo inazungumza lugha hiyo. Shida yangu ni kwa mwalimu wa fizikia mwenye miaka mitano kazini anayeisoma ili "apate kitu". Hebu tuhesabu. Mkoa wa Mtwara una halmashauri 9, Lindi ina 6. Jumla ni 15, kwa hiyo viti vya afisa elimu sekondari wa halmashauri ni 15 kwa mikoa yote miwili, na vilivyo wazi mwaka wowote ule ni vichache zaidi. Ukuu wa shule nao ni uteuzi. Watu wanateuliwa kila mwaka bila uzamili wowote, na wenye uzamili wanabaki wakishika zamu. Ukijumlisha hayo unaona kwamba shahada ya utawala kwa asiye na nafasi ya utawala ni kama kununua wavu kabla ya kujua kama mtumbwi utapatikana.

Na akipata cheo? Shule imempoteza mwalimu wa fizikia, ambaye pengine alikuwa peke yake. Hilo halimzuii mtu kutafuta maisha, na sitamlaumu. Lakini anayesema anaipenda fizikia yake ajue anachokiacha.

Kuna njia ya katikati ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha: ukiwa kwenye programu ya utawala, chagua mada ya tasnifu inayogusa sayansi. Mgawanyo wa walimu wa hisabati katika halmashauri yako, matumizi ya fedha za kemikali na vifaa, mafunzo endelevu ya walimu kazini kupitia MEWAKA na kama yanawafikia wa Liwale kama yanavyowafikia wa Lindi mjini. Msimamizi mzuri atakuruhusu.

Kuondoka, au kusoma ukiwa kituoni

Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfumo wa TCU unaipa shahada ya uzamili krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hiyo ni saa 1,800. Ukiigawa kwa miaka miwili bila kupumzika hata wiki moja, unapata saa kama 17 kwa wiki: mbili na nusu kila siku, Jumapili ikiwemo, msimu wa mitihani ukiwemo, wiki ya msiba ikiwemo. Ukiigawa kwa miaka mitatu inashuka hadi kama 11 na nusu. Mwalimu wa hisabati mwenye vipindi vingi na madaftari ya mikondo minne ajiulize saa hizo zinatoka wapi. Anayekuambia alimaliza Huria kwa miaka miwili bila kuumia ama alikuwa na vipindi vichache, ama ana mke au mume aliyebeba nyumba nzima. Ukichagua njia hii panga miaka mitatu tangu mwanzo, na hesabu ada kwa miaka mitatu.

Kozi zenyewe huenda. Watu wanakwama kwenye tasnifu. Darasani kuna ratiba na mtihani wenye tarehe. Kwenye tasnifu uko peke yako na msimamizi aliye mbali mwenye wanafunzi wengine wengi. Aliyeko chuoni anagonga mlango. Aliyeko Newala anatuma barua pepe na kusubiri. Kwa hiyo msomi wa masafa ana kazi ya ziada ya kumfuatilia msimamizi kwa adabu, mara kwa mara, na ukurasa mpya mkononi kila anapopiga simu. Upande wa vibali yeye yuko sawa na wenzake: chuo kinatoa barua ya utafiti, inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa mkurugenzi, inafika kwa mkuu wa shule. Ukiwa unatafiti wilaya yako mwenyewe, mnyororo huo unautembea kwa boda.

Halafu barabara na mtandao. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, tukawa kisiwa kwa siku kadhaa. Siku chache baadaye mikongo ya mawasiliano ya baharini ikapata hitilafu na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Mwezi mmoja, njia zote mbili za kukifikia chuo zikayumba. Masika ndiyo yalivyo huku, kwa hiyo anayesoma kwa masafa apakue vitabu na moduli mapema na kuvihifadhi kwenye kompyuta yake, wala asipange safari ya kutetea tasnifu mwezi wa Aprili kama ana hiari.

Kuondoka kunahitaji ruhusa ya mwajiri, na hili halina mzaha. Barua inapita kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi. Uwe umethibitishwa kazini. Uwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mtumishi wa umma asiyeonekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ameshaingia kwenye kosa la utoro, na udahili wa chuo si utetezi. Hata anayesoma Huria kimyakimya namshauri aandike barua. Siku ya mtihani itagongana na zamu, na ni afadhali mkuu wako awe alijua tangu mwanzo.

Fedha. Ada zinabadilika kila mwaka na ziko kwenye vitabu vya ada vya vyuo, kwa hiyo sizinakili hapa. Linganisha visivyoandikwa: chumba cha Dar es Salaam kwa miezi 20, nauli, nyumba ya pili inayoendelea kula huku nyuma. Mara nyingi hivyo ndivyo vinavyozidi ada. Kama ulisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wako inakatwa kila mwezi mpaka uishe, na kanuni ya moja ya tatu, yaani theluthi ya mshahara lazima ibaki mkononi mwako, inaweka kikomo cha mikopo mingine unayoweza kubeba juu yake. Mwenye mkopo wa nyumba benki anaweza kukuta hana pa kukopea ada hata kwenye SACCOS. Wenzetu wenye mikorosho wana nafuu ambayo watu wa mikoa mingine hawaielewi: fedha za minada ya korosho huingia kuanzia Oktoba kuelekea Desemba, wakati uleule ambao mwaka wa masomo wa vyuo vingi unafungua pazia na ada ya kwanza inadaiwa. Lakini bei ya korosho haina mkataba na mtu. Lipia mwaka wa kwanza kwa msimu huu, na wa pili usiukabidhi kwa msimu ambao haujachanua.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga, hesabu za saa 17 na za chumba cha Dar es Salaam zinakutana vibaya. Wengine wamepita kwa kuahirisha mwaka mmoja, na huo mwaka haukuwaharibia chochote. Programu zinazokuja kwa vipande vya likizo zinastahili kuulizwa kwanza, kwa sababu likizo za Juni na Desemba ndizo siku ambazo bibi wa mtoto anaweza kusafiri kuja kusaidia.

Mlango wa kuingilia

Kwa kawaida vyuo vinataka GPA ya 2.7 kwa shahada ya kwanza. Aliye chini yake apitie stashahada ya uzamili kwanza. Mwenye B.Sc. tupu, asiye na ualimu, aanze na stashahada ya uzamili ya elimu. Bila hiyo hata ajira ya ualimu serikalini inampiga chenga. Mtwara mjini kuna STEMMUCO, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino) kilichoanzishwa mwaka 2009, lakini nguvu yake imekuwa upande wa sanaa na elimu, si maabara. Na ile kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayojengwa Lindi chini ya HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ambayo baadhi ya walimu wanaisubiri ndiyo waanze uzamili, imelengwa kwenye sayansi za kilimo. Usiisubiri.

Nani achague nini

Mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano na sita, hana watoto bado, shahada ya kwanza alitoka na 3.9: aombe AIMS na M.Sc. ya Mlimani kwa pamoja. Milango ya chuo kikuu kwake iko wazi kweli.

Mwalimu wa kemia wa shule ya kata Ruangwa, miaka minane kazini, 3.1, anaipenda kazi ila amechoka kuona matokeo yaleyale: elimu ya sayansi, Mlimani au Rukara, na tasnifu yake aiandike juu ya maabara ya shule yake. Akipata nafasi ya chuo cha ualimu baadaye, atakuwa na kitu cha kuwafundisha walimu wapya ambacho hakimo kwenye kitabu chochote.

Makamu mkuu wa shule Masasi, miaka 42, watoto watatu sekondari: utawala, Huria, miaka mitatu, asihangaike na kingine.

Mwalimu wa biolojia wa Kilwa asiyejua anataka nini ndiye mgumu. Huyo nisingempeleka popote mwaka huu. Asome kwanza moduli za MEWAKA kwa makini, aendeshe utafiti mdogo na darasa moja kwa muhula mmoja, aandike kurasa kumi. Akizifurahia, elimu ya sayansi ndiyo yake. Akizichukia, amejiokolea ada.

Yeyote kati yao aanze na kalenda ya halmashauri kabla ya kalenda ya chuo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti, mpango wa mafunzo ukiwemo, hukusanywa miezi mingi kabla. Anayefika ofisi ya utumishi mwezi wa Septemba na barua ya udahili mkononi, bila jina lake kuwemo kwenye mpango, huambiwa asubiri mwaka ujao, na si kila chuo kitakubali kumwekea nafasi yake mpaka wakati huo.